Kitafunio cha nguvu ni nini kwa mwendesha baiskeli?

Kitafunio cha nguvu ni chakula kidogo chenye wanga mwingi, kinacholiwa safari ikiendelea. Usikipime kwa maneno ya kwenye pakiti, kipime kwa mkono: je, waweza kukitoa mfukoni, kukifungua na kukila kwa mkono mmoja, huku wa pili umeshika usukani? Ndizi mbivu inafaulu mtihani huo. Tende zilizotolewa kokwa pia, na jeli za pakiti, yaani sukari nzito ya kufyonza. Chokoleti hufaulu asubuhi ikafeli mchana, jua likishaiyeyusha.

Haja ya kula njiani inatokana na udogo wa akiba ya mwili. Misuli na ini huhifadhi wanga kama glaikojeni, kiasi cha gramu 400 hadi 500 hivi kwa mtu mzima aliyekula vizuri. Ukikanyaga kwa bidii, akiba hiyo hukaribia kwisha baada ya saa moja na nusu au mbili. Mafuta yapo tele mwilini, ila huungua taratibu mno kuweza kubeba mwendo wa kasi yakiwa peke yake. Hapo ndipo sukari ya damu inaposhuka: miguu inakuwa mizito ghafla, mikono inatetemeka, unaanza kumkasirikia hata upepo. Aliyewahi kuishiwa hivyo kilimani hahitaji kuelezwa mara mbili.

Kwa hiyo njaa si saa ya kutegemea. Ikishabisha hodi umechelewa, maana chakula nacho kinahitaji muda kutoka tumboni hadi kwenye misuli. Anza kula ndani ya nusu saa au dakika 45 za mwanzo, kisha endelea kidogo kidogo.

Kwa safari inayozidi saa moja, gramu 30 hadi 60 za wanga kwa saa zinawatosha wengi. Ndizi moja ya wastani ina kama gramu 25, na jeli nyingi hukaribia hapo. Utumbo hufyonza glukosi, sukari itokanayo na wanga, takriban gramu 60 tu kwa saa. Wanamashindano wanaofika 90 huchanganya na fruktosi, sukari ya matunda, ambayo hupita kwenye mlango wake mwingine. Tumbo lenyewe huzoeshwa kwa mazoezi, hivyo siku ya mashindano si siku ya kuonja jeli mpya. Na jeli inataka maji. Bila maji hukaa tumboni na kuleta kichefuchefu.

Safari ya nusu saa haihitaji lolote kati ya haya, ingawa ndiko wengi wetu tunakokula kwa raha zaidi.

Kula kwenye barabara iliyonyooka, kabla ya kilima na si katikati yake, ambapo pumzi na kutafuna hugombania mdomo mmoja. Pakiti tupu irudi mfukoni, lakini mfuko tofauti na wa simu: tone moja la jeli linatosha kuigandisha simu na funguo pamoja.