Kwa nini nauli ya ndege uliyoiona jana leo haipo

Mama mmoja wa Ujiji aliingia ofisini kwangu hapa Mwanga, Kigoma, simu mkononi. "Mwanangu, jana usiku niliona 240,000. Leo unaniambia 300,000. Hiyo sitini ni yako?" Alikuwa anakwenda Dar es Salaam na binti zake wawili, kwenye mahafali ya mjukuu. Nakata tiketi miaka mingi, na swali hilo bado huniuma, maana anayeuliza ana haki kabisa ya kujua.

Viti vya daraja la kawaida vinafanana, lakini kwenye kompyuta vimegawanywa kwa herufi, kila herufi na nauli yake na idadi yake ya viti. Herufi ya bei rahisi ikiisha, unapanda kwenye inayofuata. Hilo wengi wanalijua. Wasiloambiwa ni hili: ukitafuta viti vitatu kwa pamoja na kwenye herufi ya rahisi vimebaki viwili, mfumo kwa kawaida haukupi viwili rahisi na kimoja ghali. Unawapandisha wote watatu.

Nilimgeuzia mama kioo cha kompyuta. Nikatafuta abiria mmoja: 240,000. Wawili: ileile. Watatu: 300,000 kila mmoja. Nikabuku wawili kwanza, kisha wa tatu peke yake, akaokoa 120,000. Nilimweleza na ubaya wake: ndege ikibadilishwa ratiba, mmoja anaweza kuhamishwa bila wenzake, kwa hiyo niliomba shirika liziunganishe namba zile mbili za buking.

Halafu kuna lile neno "kuanzia" kwenye matangazo ya nauli. Mara nyingi ni nauli ya kwenda tu, na huenda begi la kupakia halimo. Tiketi ya ndani ya nchi ina VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, na tozo za uwanja na usalama. Hizo sina ugomvi nazo, mradi zionekane mapema. Ninachokipinga ni mistari ya YQ na YR, ambayo utaikuta hasa kwenye tiketi za nje. Imepangwa kwenye safu ya kodi, abiria anailaumu serikali, kumbe ni pesa ya shirika lenyewe, mara nyingi kwa jina la mafuta. Kama ni gharama ya kurusha ndege, iwekwe kwenye nauli! Umoja wa Ulaya, kwa kanuni namba 1008 ya mwaka 2008, unataka bei ya mwisho ionyeshwe tangu mwanzo, pamoja na kodi na tozo zote zisizoepukika. Na sisi tunastahili hivyo.

Siku hizi kila mteja namwandikia karatasi: nauli, VAT, tozo za uwanja, na chini kabisa ada yangu. Yule mama aliusoma mstari wa mwisho mara mbili, akaikunja karatasi, akaitia kwenye kibindo cha khanga.

Kama una tiketi ambayo hukuisafiria, usiitupe. Nauli inaweza kuwa imekwenda, lakini tozo za uwanja mara nyingi hurudishwa, kwa sababu hukupita uwanjani. Usitegemee shirika likukumbushe. Ulizia mwenyewe, na uwe na namba ya tiketi, ile ya tarakimu 13.