Je, wajua? Shilingi saba ya petroli hulipwa bila sarafu

Bei ya petroli kwenye sheli za Uyole, Mbeya, huishia na tarakimu kama 37 au 84, kwa sababu EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, hutangaza bei kikomo kila mwezi, mji kwa mji, hadi shilingi ya mwisho. Lakini chenji haishuki chini ya sarafu ya 50. Zile 37 zinakwenda wapi?

Jibu la haraka ni kwamba mwenye sheli anazila. Jibu hilo linachanganya sarafu na shilingi. Sarafu ni kipande cha chuma, shilingi ni kipimo. Debe likitoboka hutupwa, na mahindi yanaendelea kuhesabiwa kwa debe. Ndivyo shilingi moja ilivyobaki kwenye hesabu baada ya kutoweka mfukoni.

Dereva wa bodaboda hasemi "lita mbili", anasema "weka ya elfu tano". Tuchukulie lita ni 2,937, kwa mfano tu. Pampu inagawa na kukata kwenye lita 1.70. Pesa imebaki nzima, vipande vimebebwa na mafuta. Mwenye kesi ni aliyeomba lita tatu kamili: anadaiwa 8,811, na ile 11 haina sarafu.

LUKU, umeme unaolipiwa kabla ya kutumika, hufanya vivyo hivyo kwa uniti. Hata sokoni Mwanjelwa, fungu la nyanya la jero (shilingi 500) hubaki jero nyanya zikiadimika. Kinachopungua ni nyanya, tano zinakuwa nne. Fungu ni pampu isiyohitaji umeme. Kiberiti hakigawanyiki, ndiyo maana bei yake huruka kwa hamsini au mia, la sivyo unarudishiwa pipi.

Kanada nayo ina bei zisizo na sarafu: iliacha kusambaza sarafu ya senti 1 tarehe 4 Februari 2013. Malipo ya taslimu husogezwa kwenye senti 5 iliyo karibu: 1 na 2 hushuka, 3 na 4 hupanda. Kinachosogezwa ni jumla, si bei ya kila kitu. Bidhaa tano za dola 1.98 kila moja ni 9.90 kamili, ukisogeza moja moja zinafika 10. Inasemwa kupanda na kushuka hufutana, ila hilo linategemea tarakimu za mwisho zitawanyike sawasawa, na maduka yanapenda mno 9. Anayelipa kwa kadi hukatwa senti kamili, kama anayelipia ankara ya maji kwa simu pale Iringa.