Umelipa deni lote la kadi ya mkopo? Akaunti bado haijafungwa

Malipo ya korosho yakishaingia, madirisha ya benki hapa Mtwara hupokea watu wa aina mbili. Wapo wanaokuja kumaliza madeni yao, na wapo wanaorudi miezi miwili baadaye wakiuliza mbona bado wanadaiwa. Hawa wa pili wamekuwa wengi siku hizi, hasa wenye kadi za mkopo, na ndio waliofanya tuandike makala hii.

Maneno yao yanafanana: "Nililipa yote, nikaikata kadi, leo mnanidai nini?" Tunasema tena, kama tunavyosema dirishani kila wiki: mkasi haufungi akaunti. Mfanyabiashara mmoja wa vipuri kutoka Masasi alituletea kadi yake ndani ya bahasha ikiwa vipande vinne, chipu imepasuliwa katikati kwa ustadi kabisa. Akaunti yake ilikuwa hai. Ada ya mwaka ilishaingizwa, VAT imeongezwa juu yake, na riba ya ada hiyo ilikuwa inahesabiwa. Kuikata kadi ni jambo zuri, lakini hufanywa mwisho, baada ya barua ya benki kuwa mkononi.

Chanzo cha malalamiko mengi ni riba ya siku za katikati. Riba ya kadi ya mkopo huhesabiwa kila siku, ilhali taarifa ya akaunti hutolewa mara moja kwa mwezi. Tuseme taarifa yako imetoka tarehe 5 ikionesha unadaiwa shilingi 1,200,000, na riba ni asilimia 3 kwa mwezi. Hiyo ni kama shilingi 1,200 kwa siku. Ukilipa tarehe 17 kiasi kilekile kilichoandikwa, zimeshapita siku 12, kwa hiyo shilingi 14,400 zimebaki nyuma. Hazionekani siku hiyo; zitaonekana kwenye taarifa ya mwezi unaofuata, wakati wewe umeshaacha kusoma ujumbe wa benki. Mteja akiziona anasema ameibiwa. Hakuibiwa. Na asipozilipa kwa wakati, hutozwa faini ya kuchelewa, ambayo mara nyingi ni kubwa kuliko deni lenyewe lililoizaa.

Anayelipa deni lote kila mwezi kabla ya tarehe ya mwisho kwa kawaida hapatwi na hili kwenye manunuzi. Linampata anayebeba deni kutoka mwezi hadi mwezi, na aliyetumia kadi hiyo kutoa fedha taslimu ATM, maana fedha taslimu kwa kawaida huanza kuhesabiwa riba siku ileile ya kuzitoa.

Kwa hiyo usilipe kwa kutazama taarifa ya mwezi. Omba benki ikuandikie kiasi cha kufungia, yaani deni lote pamoja na riba yake, hadi tarehe mahususi, ile ambayo fedha zako zitakuwa zimefika. Tunasisitiza neno zimefika. Anayetuma kwa simu au kupitia wakala Newala Ijumaa jioni asidhani deni limekufa Ijumaa jioni. Ukichelewa kupita tarehe uliyoandikiwa, rudi uombe hesabu mpya.

Kabla hata ya kuomba hesabu hiyo, acha kuitumia kadi na usubiri miamala yote itulie. Wafanyabiashara wanaofuata mzigo Dubai au China wanalijua hili, ingawa hawalifanyii kazi. Hoteli huzuia kiasi fulani kwenye kadi unapoingia, halafu hutoza gharama halisi baadaye. Muamala wa fedha za kigeni nao unaweza kuingia kwa kiwango cha ubadilishaji tofauti na ulichokiona siku ya kununua. Kuna pia malipo yanayojirudia yenyewe: filamu za mtandaoni, hifadhi ya picha za simu, programu uliyoijaribu bure ukasahau. Huko ingia mwenyewe ukaiondoe kadi. Benki haikuwapo ulipokubaliana na muuzaji, na kumwambia karani "nizuieni yote" hakuvunji mkataba huo.

Ada ya mwaka huingia kwenye mwezi kadi ilipotolewa. Angalia mwezi huo na ulete ombi angalau mwezi mmoja kabla, kwa sababu ombi linaloletwa siku tatu kabla linaweza kupitwa na mfumo. Ada hutozwa VAT ya asilimia 18, riba haitozwi. Kama kuna bima iliyofungamanishwa na kadi, au kadi ya ziada aliyonayo mwenzi wako au mtoto aliyeko chuoni Dar es Salaam, zitaje zote. Kadi ya ziada ikitumika wiki ileile unayofunga, deni ni lako.

Sasa barua. Andika jina kamili kama lilivyo kwenye akaunti, tarakimu nne za mwisho za kadi, tarehe unayotaka ifungwe na namba ya simu inayopatikana. Usiandike namba nzima ya kadi, wala zile tarakimu tatu za nyuma, wala namba ya siri. Ambatisha nakala ya kitambulisho cha NIDA na stakabadhi ya malipo ya mwisho. Andaa nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa na ubaki nayo. Kisha dai barua ya uthibitisho inayosema akaunti imefungwa na salio ni sifuri. Kauli ya mdomo ya karani, hata akiwa jirani yako Shangani, haitoshi. Kama kadi yako ilitolewa kwa dhamana ya amana yako, omba pia kwa maandishi amana hiyo iachiliwe. Kwa nini watu huisahau hela yao wenyewe, hatujui. Na anayekupigia simu akidai anakusaidia kufunga kadi ukimtajia namba iliyotumwa kwenye ujumbe, huyo ni tapeli.

Deni dogo lililoachwa halipotei. Tanzania ina kanuni za taarifa za mikopo tangu 2012, na benki huangalia rekodi hizo kabla ya kukopesha. Shilingi 14,400 zilizosahaulika zinaweza kuonekana siku unapoomba mkopo wa pikipiki.

Ukiona makato usiyoyaelewa, anza na benki yako, kwa maandishi, na uombe uthibitisho wa kupokelewa. Kanuni za kuwalinda watumiaji wa huduma za fedha za mwaka 2019 zinaitaka benki iweke gharama zake wazi na iwe na utaratibu wa kushughulikia malalamiko. Usiporidhika na jibu, peleka lalamiko Benki Kuu ya Tanzania, ambayo ina tawi hapa Mtwara. Wapo wanaokwenda huko moja kwa moja kutoka Tandahimba bila kuwa wamelalamika kwanza kwenye benki yao. Hao huelekezwa kurudi walikoanzia, na nauli imeshaliwa. Nenda na nakala ya lalamiko lenye muhuri, jibu la benki, taarifa za akaunti zenye makato unayoyapinga, na ile barua ya kufunga kadi.