Kwa nini mwanamke wa miaka 35 aliyetibiwa saratani huamka usiku amelowa jasho?

Saa nane za usiku: kanga chepechepe, moyo unakwenda mbio, kisha baridi. Asubuhi anakwenda kupima malaria, haionekani. Basi anaanza kuhofu kwamba saratani imerudi. Mara nyingi si hiyo wala malaria. Ni kukoma hedhi, kumekuja kabla ya wakati wake.

Kwa kawaida hedhi hukoma karibu na miaka 50, na ovari, vifuko vya mayai, hufifia taratibu kwa miaka kadhaa. Matibabu ya saratani hayangoji. Chukua saratani ya shingo ya kizazi, inayoongoza kwa wanawake Tanzania: mionzi ya nyonga huzipata na ovari. Chini ya grei 2 tu (grei ni kipimo cha mionzi) huua nusu ya mayai yake, na dozi ya nyonga kwa kawaida hufika 45. Dripu za kemo nazo huweza kuzizima, na zikiondolewa kwa upasuaji, estrojeni, homoni ya kike inayotoka humo, huporomoka ndani ya siku chache.

Jasho linatoka wapi? Ubongoni. Sehemu inayosimamia joto la mwili, ikikosa estrojeni, hupoteza uvumilivu. Blanketi zito au chai ya moto, vitu ambavyo zamani usingevihisi, sasa huchukuliwa kama moto unaowaka: mishipa ya ngozi inafunguka, jasho linamwagika. Ndiyo maana ukiweka kipimajoto, homa huikuti.

Tiba hutegemea saratani ilikuwa ipi, na hapa ndipo wengi huchanganywa. Aliyeugua saratani ya kawaida ya shingo ya kizazi kwa kawaida anaweza kurudishiwa homoni, tena humfaa kwa ajili ya mifupa na moyo. Wa saratani ya titi, hapana: utafiti wa HABITS ulisimamishwa mwaka 2003 kwa sababu waliopewa homoni walirudiwa na saratani zaidi. Huyo hutafutiwa dawa zisizo za homoni, mfano venlafaksini au gabapentini. Kama anameza tamoksifeni, dawa ya saratani ya titi, aepuke paroksetini, dawa nyingine isiyo ya homoni, kwani hudhoofisha tamoksifeni.

Lisilosemwa kwa urahisi ni uke kukauka, na baada ya mionzi hata kusinyaa. Tendo la ndoa huuma, mume anadhani hatakiwi. Vilainishi vipo, na vipanuzi vya uke pia, lakini kliniki ataulizwa kuhusu damu na uzito; hili, asipolianzisha mwenyewe, huenda asiulizwe kabisa.