Kijana hakusinyaa: dhana potofu kuhusu vipimo vya drafti ya NBA

Mei 2024 Bronny James, mtoto wa nyota LeBron James, alifika Chicago kwenye kambi ya vipimo ya NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani, ambako vijana hupimwa kabla ya drafti, yaani usiku ambao timu huchagua wachezaji wapya kwa zamu. Chuo chake, USC, kilikuwa kimemwandika futi 6 na inchi 4. Alipovua viatu na kupimwa, ikasomeka futi 6 na inchi 1 na nusu, yaani sentimita 187 hivi. Mitandaoni watu wakacheka kana kwamba kijana amesinyaa njiani. Hakusinyaa. Sehemu kubwa ya mabishano yanayozuka kila Mei yanatokana na watu kushika namba bila kuuliza ilipatikanaje.

Dhana: Urefu ulioandikwa kwenye orodha ya timu ndio urefu wa mtu

Raba za kikapu peke yake huongeza kama inchi moja, hata moja na nusu. Juu ya hapo kuna ile nyongeza ya hisani, maana hakuna kocha wa chuo anayepungukiwa kitu kwa kumwandika mlinzi wake mrefu kidogo. Kwa miaka mingi NBA yenyewe iliachia mchezo huo uendelee, hadi msimu wa 2019-20 ilipoziagiza timu zithibitishe urefu wa wachezaji bila viatu. Wengi wakapungua kwenye karatasi. Nyota Kevin Durant akaongezeka! Miaka yote alikuwa anaandikwa futi 6 na inchi 9, na mwenyewe alishakiri kwamba aliupenda urefu huo kwa sababu unalingana na nafasi aliyoipenda uwanjani. Baada ya agizo hilo akaandikwa futi 6 na inchi 10.

Hata kipimo cha bila viatu nacho kina hila zake. Mtu huwa mrefu zaidi asubuhi kuliko jioni, kwa sababu gegedu zilizo kati ya pingili za uti wa mgongo hugandamizwa kadiri siku inavyokwenda. Tofauti yake ni kama sentimita moja. Kwa hiyo ukiona watu wanagombana juu ya robo inchi, waache wagombane.

Dhana: Aliye mrefu ndiye anayefika juu

Hapa ndipo ningependa msomaji akae kidogo, kwa sababu kosa hili ndilo kubwa kuliko yote.

Urefu unahesabu shingo na kichwa. Kichwa hakizuii shuti. Wachezaji wawili wanaweza kulingana kimo kabisa, mmoja akawa na shingo ndefu na mabega yaliyoshuka, mwingine mabega yake yakawa karibu na masikio. Waambie wanyooshe mikono juu utaona tofauti ya upana wa kiganja. Ndiyo maana Chicago hupimwa vitu viwili zaidi: upana wa mikono iliyotandazwa, toka ncha ya kidole hadi ncha ya kidole, na kimo cha mkono ulioinuliwa huku nyayo zikiwa zimekanyaga chini. Kwa binadamu wa kawaida upana wa mikono hukaribiana na urefu wake. Kwa wachezaji wa NBA huzidi urefu kwa takriban asilimia 6 kwa wastani, na wapo wanaozidi hapo kwa mbali.

Chukua Draymond Green. Mwaka 2012 alipimwa bila viatu akapatikana na futi 6 na inchi 5 na robo tatu, mfupi mno kwa mtu wa kukaba masenta, wale warefu wanaocheza chini ya ringi. Mikono yake ikatoka futi 7 na inchi 1 na robo. Alichaguliwa wa 35. Baadaye alikuja kuwa mmoja wa wakabaji bora wa kizazi chake, na akakaa katikati ya ulinzi wa Golden State dhidi ya watu waliomzidi kichwa kizima. Kawhi Leonard, mkabaji mwingine mashuhuri, mwaka 2011 alipimwa kiganja kilichotanuka inchi 11 na robo, karibu sentimita 29. Jaribu kutanua chako juu ya rula uone kinaishia wapi.

Lakini usije ukageuza hili nalo kuwa dini. Mwaka 2019 Tacko Fall wa Senegal alikuja na namba ambazo kambi hiyo haikuwahi kuziona: futi 7 na inchi 5 na robo bila viatu, mikono ya futi 8 na inchi 2 na robo, na kimo cha mkono ulioinuliwa cha futi 10 na inchi 2 na nusu. Ringi iko futi 10 kutoka sakafuni, kwa hiyo aliipita bila kunyanyua kisigino. Usiku wa drafti majina 60 yakasomwa na lake halikuwamo.

Na sisi tunaosoma Kiswahili hatuwezi kuusahau mwaka 2009. Hasheem Thabeet wa Tanzania, aliyeandikwa futi 7 na inchi 3, alichaguliwa wa pili na Memphis. Stephen Curry, ambaye baadaye alikuja kuwa mfalme wa mashuti ya mbali, alichaguliwa wa saba: futi 6 na inchi 2 bila viatu, mikono futi 6 na inchi 3 na nusu, vipimo ambavyo ukivisoma bila jina hutageuka kumtazama mwenye navyo mara mbili. Thabeet alipelekwa ligi ya chini kabla msimu wake wa kwanza haujaisha. Simsemi kwa kebehi, ni mtu aliyetufungulia njia. Ila kambi nzima haina kipimo cha urahisi wa mtu kuachia shuti kutoka mita 9 huku mkono wa beki uko usoni.

Dhana: Rekodi ya kuruka ni tiketi

Kwanza tuone inavyopimwa. Kuna nguzo yenye vijiti vya plastiki vilivyopangwa kama meno ya kitana, kila kijiti nusu inchi juu ya mwenzake. Mchezaji anaruka na kuvipiga kiganja, vile alivyovifikia vinazunguka, na msimamizi anasoma cha juu kabisa. Kisha anatoa kimo cha mkono ulioinuliwa kilichopimwa kabla. Kinachobaki ndicho unachokiona kwenye vichwa vya habari.

Umeona tundu lilipo? Namba ni tofauti ya namba mbili. Anayelegeza bega kidogo wakati wa kupimwa mkono anajiongezea inchi kwenye mruko bila kuruka zaidi. Wapimaji wanaijua janja hii na humsukuma mtu anyooshe vizuri, lakini mlegeza bega naye anajiibia, kwa sababu kimo chake cha mkono kitasomeka kifupi, na mimi ningekuwa skauti, yaani msaka vipaji wa timu, kimo hicho ningekijali kuliko mruko. Mwenye mikono mirefu anayeruka kiasi hufika pale pale anapofika mfupi anayepaa, tena anafika mapema.

Kuna miruko miwili, wa kusimama na wa kukimbilia. Kwenye rebaundi, yaani kudaka mpira wa shuti lililokosa, chini ya ringi, katikati ya msongamano, hakuna anayekupa nafasi ya kukimbilia, kwa hiyo ule wa kusimama ndio unaofanana na kazi yenyewe. Unaotangazwa ni ule wa kukimbilia. Kenny Gregory aliruka inchi 45 na nusu mwaka 2001 na hakuchaguliwa na timu yoyote. Keon Johnson akaivunja rekodi hiyo mwaka 2021 kwa inchi 48, akachaguliwa wa 21.

Dhana: Aliyeshindwa kunyanyua chuma hatastahimili ligi

Mwaka 2007 Durant, kijana wa miaka 18, alilala kwenye benchi chini ya chuma cha ratili 185, karibu kilo 84, na hakukinyanyua hata mara moja. Maneno yakawa mengi. Wenye mikono mirefu hupata taabu na zoezi hilo kwa sababu chuma kinasafiri umbali mrefu zaidi hadi mkono unyooke, na mikono hiyohiyo ndiyo iliyomfanya asizuilike akishapiga shuti. Seattle ilimchukua wa pili. Ameongoza ligi kwa wastani wa pointi misimu minne.

Mbio za robo tatu ya uwanja, futi 75, nazo hutajwa sana. Hupimwa bila mpira na bila mtu mbele. Jaribio la kuzunguka eneo la chini ya ringi, kwa kukimbia, kusogea kiubavu na kurudi kinyumenyume, angalau linafanana na ukabaji, ingawa mkimbiaji anajua njia kabla hajaanza. Uwanjani njia huchaguliwa na mpinzani.

Dhana: Wenye uhakika wa kuchaguliwa hawahitaji kwenda

Ilikuwa hivyo zamani. Wakala alimshauri kijana asiweke hatarini nafasi yake, naye akabaki nyumbani. Chini ya mkataba wa pamoja wa 2023 kati ya ligi na chama cha wachezaji, kuanzia kambi ya 2024 aliyealikwa anatakiwa kufika na kupimwa, pamoja na uchunguzi wa afya, na asiyefika bila ruhusa hawezi kuchaguliwa mwaka huo. Kucheza mechi za kambi ndiko kulikobaki hiari.

Uchunguzi huo wa afya hauna mashabiki kwa sababu hauna jedwali la kubishania. Mwaka ule wa Durant, Portland ilianza kwa kumchagua Greg Oden, senta mwenye mwili ambao kila timu ingeutaka. Septemba 2007 alifanyiwa upasuaji wa goti kabla hajacheza mechi hata moja, msimu wake wa kwanza ukapotea wote, na hadi anaondoka NBA alikuwa amecheza mechi 105. Majibu ya madaktari huenda kwa timu tu, na kwa wachezaji wanaotarajiwa kuchaguliwa mwanzoni kabisa, si kila timu inayoruhusiwa kuyaona.