Ndege wa Kahuzi hawahami ovyo

Hapa Bukavu, kila msitu wa mlimani unapokatwa kwa mashamba au makala, watu husema: ndege wana mabawa, wataenda kwingine. Kwa wengi wao si kweli.

Mlima Kahuzi una urefu wa mita 3,308. Ukipanda kilomita moja, joto hupungua kwa takriban nyuzi 6, na msitu mnene huachia mianzi, kisha vichaka vya baridi. Kila tabaka lina ndege wake. Katika tropiki joto la mahali hubadilika kidogo tu mwaka mzima, kwa hiyo viumbe wake huzoea hali finyu ya hewa. Mwaka 1967 mwanaikolojia Mmarekani Daniel Janzen alieleza kuwa hilo hufanya milima ya tropiki iwe vizuizi vikubwa kuliko ya nchi za baridi. Shorobo wa Ruwenzori, ndege mla matunda, haishi popote duniani nje ya milima ya Bonde la Ufa la Magharibi. Bonde lenye joto humzuia kama ukuta. Na hata akifika msitu mwingine, miti yenye matunda huko tayari ina ndege wengine.