Rangi inang'aa, bati limeoza: dhana potofu kuhusu kutu kwenye magari ya spoti ya zamani

"Rangi haina hata doa, basi bodi ni nzima."

Mimi rangi mpya ndiyo hunitia wasiwasi. Kutu ya gari la zamani mara nyingi huanzia ndani, pale mabati mawili yalipounganishwa na maji yakanasa katikati, kisha hula kuja nje. Kivimbe cha ukubwa wa dengu juu ya digadi ni dalili ya mwisho, wala si ya kwanza. Fundi mwenye haraka hukikwangua, akapiga puti (ule ujiuji mzito wa kujazia mashimo), msasa, rangi, na gari likapendeza kwa muda.

Chukua sumaku ndogo, ifunge kitambaa laini isikwaruze, uipitishe sehemu ya chini ya milango na kuzunguka matairi. Ikishika sana hapa na kulegea pale, kuna puti. Kipimo cha unene wa rangi husema wazi zaidi: rangi ya kiwandani kwa kawaida haifiki maikroni 200. Ukisoma 1,000, yaani milimita nzima, hapo hupimi rangi tena. Ila kumbuka kwamba vyote viwili havioni upande wa nyuma wa bati.

"Chini kumepakwa lami, kumelindwa."

Nani alipaka, lini, na juu ya nini? Lami iliyopakwa juu ya kutu hufungia unyevu humo humo. Omba ruhusa, kisha gonga kwa mpini wa bisibisi: bati zima hulia, bovu hutoa sauti butu kama boksi la karatasi. Mwenye gari akikataa usiguse, mshukuru, uende zako.

"Kutu ni sura tu, muhimu injini."

Hii ndiyo inayofilisi watu. Chukua MGB, gari dogo la spoti la Kiingereza lililotengenezwa kuanzia 1962 hadi 1980. Haina chesisi ya peke yake. Bodi yenyewe ndiyo mifupa. Ile ya wazi, isiyo na paa la chuma, hutegemea sana boriti za bati zinazopita chini ya milango, tabaka juu ya tabaka. Zikioza, gari hulegea kiunoni.

Kwa hiyo chuchumaa utazame mwanya kati ya mlango na bodi. Unatakiwa ulingane juu hadi chini. Kisha liinuliwe kwa jeki upande mmoja, ujaribu kufungua mlango. Ukikwama, au mwanya ukabadilika, umeshapata jibu. Na hata boriti zikiwa mpya, uliza zilichomelewa vipi, maana wapo wanaochomelea gari likiwa limeshalegea, likabaki limepinda hivyo hivyo. Injini unaing'oa ukaipeleka kwa fundi, mifupa huing'oi.

Ndani, inua kapeti zote, hasa miguuni kwa dereva. Kwenye Datsun 240Z, usisahau kutazama chini ya betri, ambako asidi huyasaidia maji kazi yake.

"Hili ni faibaglasi, halishiki kutu."

Bodi haishiki, kweli. Lakini Lotus Elan ya 1962 imebebwa na uti wa mgongo wa chuma, na Corvette za zamani zina chuma hadi kwenye fremu ya kioo cha mbele. Aluminiamu nayo ina yake: Aston Martin DB4 ina mabati ya aluminiamu juu ya mabomba ya chuma, na metali hizo mbili zikigusana penye unyevu, aluminiamu ndiyo huliwa.

"Limepakwa zinki kiwandani."

Porsche 911 za kuanzia modeli ya 1976, ndiyo. Zinki huchelewesha kutu, lakini palipochomelewa baada ya ajali imeshaungua.

"Limekaa gereji miaka yote."

Liliingia kavu? Gari lililolala na maji tumboni huoza chini ya paa vilevile. Mazda MX-5 ya kwanza, ya 1989, ina vijifereji nyuma ya viti vya kutoa maji ya paa la turubai. Majani makavu huviziba. Beba chupa ya maji, mimina kidogo pale nyuma ya paa, kisha inama mbele ya tairi la nyuma usubiri yadondoke. Yasipodondoka, tafuta yalikoingia: huenda yako ndani ya boriti, pamoja na ya mvua zote zilizopita.